Doa la Babu Yako Halijarudi

Tumpe,

Salamu umenipa asubuhi na mimi nimekuitikia, kwa hiyo hapa naziruka. Hali yangu unaijua, tunalala nyumba moja. Barua hii usiifungue ndani ya basi. Wewe toka utoto ukisoma kwenye gari unatapika, tulishawahi kushushwa Chimala kwa ajili yako na mizigo yetu yote. Isome ukifika Iringa, chumbani kwako Mlandege, ukishakaa juu ya ndoo au godoro au chochote utakachokuwa nacho.

Naandika mchana huu kwa sababu umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Ukiwa mbele yangu siwezi. Nikikuona tu mdomo wangu unapata kazi nyingine. Mwandiko utauvumilia. Mimi nilitolewa darasa la nne nikalee wadogo zangu, lakini kuandika naandika na kusoma nasoma, na yule mzee wa kanisa anayenisomea matangazo kwa sauti kubwa kana kwamba mimi kiziwi anajua hivyo.

Habari za kufunga mlango, kuchemsha maji, kuangalia unakaa na nani, sikuandikii. Kama miaka yote hii hukuona ninavyofanya, karatasi haitakusaidia.

Nakuandikia habari ya ukuta.

Tangu Jumanne hatujazungumza. Unasema, "Shikamoo Bibi," nasema, "Marahaba," halafu kila mtu anageukia sufuria yake. Kesho alfajiri unapanda basi la Iringa, na neno la mwisho la maana ulilolisikia kwangu ni lile la Jumanne. Hilo ndilo linaloniwasha. Tangu nianze kuandika nimeshainuka hapa mezani sijui mara ngapi. Naandika mstari, nainuka, nakwenda kuugusa ukuta, narudi, nasahau nilikuwa nasema nini.

Wewe unaijua Jumanne ya kwako. Sikia ya kwangu.

Nilikuwa nimetoka kufuata mchele Chimala. Mgongo unauma, pumba zimejaa puani, kuli wa Mwanjelwa amenitukana na mimi nimemtukana. Nikafika nyumbani nikafungua mlango. Kwanza harufu, nikadhani umemwaga mafuta ya taa. Halafu nikaona sebule imekuwa kubwa. Ukuta wote mweupe, toka dirishani mpaka mlango wa jikoni, mweupe ule usiong'aa, kama unga wa muhogo. Nikatazama pale juu ya kigoda cha babu yako, pale penye doa la kichwa chake. Hapakuwa na kitu.

Wewe umesimama na rola, kanga yangu ya zamani umeifunga kichwani, tone la rangi kwenye pua, unacheka. Ukasema, "Bibi, umeona?"

Nikakuuliza nani kakutuma. Ukasema hakuna, umetaka kuniachia nyumba safi. Nikakuambia ukuta ule mimi naupaka kila mwaka na doa linarudi, kwa hiyo umepoteza nguvu zako bure. Ukanijibu taratibu, kama mnavyowajibu wateja pale dukani kwenu kwa mzee Ramesh: "Safari hii nimetanguliza praima, Bibi. Praima ya mafuta, ile rangi ya chini inayofungia madoa. Hapa halipiti tena."

Ndipo nikasema nenda huko uendako, na usirudi kunipaka rangi humu ndani. Ukaniuliza nimesemaje. Nikafupisha. Nikasema, "Usirudi."

Ukaosha brashi zako uani. Ukachukua ile ndoo ya rangi ya maziwa uliyokuwa umenunua kwa kumalizia, ukaifunga kifuniko, ukaipiga kwa kisigino pande zote, ukaisukuma chini ya meza. Hukulia. Ungelia ningejua la kufanya.

Ngoja, nainuka kidogo.

Nimerudi. Hakuna kitu pale ukutani. Naendelea.

Wewe ulilikuta doa lile tayari, ukadhani ni uchafu wa mzee. Lilivyoanza huwezi kujua, maana hukuwa umezaliwa, na mama yako ambaye angekuambia siku ile alikuwa amefungiwa chumbani na shangazi zake. Ilikuwa siku ya posa yake. Nani angedhani kwamba yule msichana anayetetemeka nyuma ya mlango ndiye huyu anayenipigia simu toka Tunduma akiniamrisha nivae soksi.

Wazee wa upande wa baba yako walikuwa wanakuja toka Rungwe. Na watu wetu unawajua, wakija na neno la posa wanatazama nyumba kwanza, binti baadaye. Marehemu mama yangu, kule Tukuyu, wageni wa namna hiyo wakitarajiwa alikuwa anaanza mapema. Anakandika kwa udongo wa kawaida, anauacha ukauke mpaka upasuke. Anaziba nyufa kwa udongo laini uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, anauacha tena. Ndipo anakwenda mtoni kuchimba ule udongo wa rangi, mwekundu na mweupe, na kupaka kwa kiganja. Sisi watoto tulikuwa tunamuudhi, mama paka basi ule mwekundu. Anatupiga na kitambaa chenye tope. Hakujua neno praima, ila ukuta wake ulikuwa haukuachii rangi kwenye nguo.

Mimi sasa nilikuwa mtu wa mjini, mke wa mtu mwenye nyumba ya tofali. Nikaona kusubiri ni mambo ya nyumba za udongo. Nikanunua chokaa, nikatia bluu ya kufulia ili ipate rangi ya mbingu. Wakati ule tulikuwa bado tunapikia humu humu ndani, ukuta una masizi ya miaka. Babu yako akaniambia kwaruza hayo masizi kwanza, uoshe, na kwenye chokaa tia chumvi ili ishike. Nikamwambia yeye ni fundi wa baiskeli, ashughulike na baiskeli. Nikapaka jioni, juu ya masizi, bila chumvi. Asubuhi ukuta ulikuwa unapendeza, sikufichi. Nilijipongeza.

Mshenga alikuwa mzee mmoja mrefu mwenye suti nyeusi. Tukamkalisha mahali pa heshima, mgongo wake kwenye ukuta wangu. Maneno yakawa marefu kama kawaida yao, na yule mzee kila akitaka kusisitiza jambo anajirudisha nyuma. Alipoinuka kuomba maji ya kunawa, suti ilikuwa ya bluu toka shingoni mpaka kiunoni, na vipande vya masizi vimening'inia. Na ukutani amebaki yeye mwenyewe, mweusi, mabega na kichwa na kila kitu, kama mtu aliyesahau kivuli chake.

Shangazi mmoja wa mama yako akajiziba mdomo kwa kitenge. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la maji, na ningeweza kuingia ndani ya beseni lile ningeingia.

Babu yako aliinuka toka kwenye kiti chake kizuri karibu na redio, akachukua kigoda, akakiweka pale pale chini ya kile kivuli, akakaa. Akajinyoosha, akaegemeza mabega, akaegemeza kichwa. Akamfunika yule mtu wa masizi wote. Halafu akaanza kumuuliza mshenga habari za mvua za Rungwe, na ndizi, na ng'ombe wa nani kazaa nini, mpaka kila mtu akasahau ukuta.

Hakuinuka tena. Hata wageni walipoaga hakuinuka, alisema mguu umekufa ganzi. Mtu ambaye hajawahi kuacha mgeni afike barabarani peke yake. Wale wazee walikasirika. Tulisikia baadaye walisema baba wa binti ana kiburi, na majadiliano yakawa magumu kwa sababu hiyo. Alivumilia. Hakuwaambia mpaka anakufa.

Jioni nikamwambia angewaeleza tu kwamba mke wake ana haraka zake. Akasema, "Walikuja kumwona binti, hawakuja kuona haraka yako."

Siku ya pili nilikwaruza ukuta, nikaosha, nikapaka upya, na chumvi nikatia. Nikamwambia arudishe kigoda. Akasema pale amepapenda. Akahamisha na redio. Basi akakaa pale mpaka siku alipolazwa, kila jioni, kichwa ukutani, na unajua nywele zake alivyokuwa anazipaka mafuta ya mgando kama mtu anayepaka mkate, juu ya hapo anajikuna kwa mikono yenye grisi. Doa likaanza kama sahani ya chai. Likawa sahani ya ugali. Wewe umekulia chini ya doa lile, umekaa juu ya miguu yake akikuita mke wake mdogo, na mimi mke mkubwa, na nikikugombeza anasema wake zake wasigombane mbele ya redio, hasikii taarifa.

Sasa ameondoka. Matanga yalipokwisha, wifi yangu Sekela na wenzake wakasema mjane asiachwe anatazamana na kichwa cha marehemu. Wakanunua rangi ya maji wakapaka. Haikupita wiki, doa hili hapa. Kwanza la kahawia hafifu kama chai ya pili, halafu likakolea. Sekela akakataa kulala sebuleni. Akaenda kumwita mchungaji, akamwambia kaka yake amekataa kuondoka. Mchungaji akaja akaomba vizuri tu, na wakati namsindikiza akaniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, "Mama, yale ni mafuta ya nywele."

Kana kwamba sijui. Foronya za mtu yule nimezifua mimi. Lakini nilimwacha Sekela na woga wake, akalala jikoni mpaka alipoondoka. Nilikuwa na furaha, Tumpe. Nilikuwa na msiba na nilikuwa na furaha, yote kwa pamoja.

Tangu hapo kila Desemba nanunua rangi ya maji. Napaka. Majirani wanasema bibi huyu ni msafi, mjane lakini nyumba yake inang'aa. Na mimi nakaa kwenye kiti changu, nautazama ukuta, nasubiri. Ikifika Pasaka karudi mzima.

Ulipoanza kazi kwa mzee Ramesh nikawa nanunulia pale kwenu. Utakumbuka siku ile, ulikuwa unapima misumari, mzee akaniambia, "Bibi, kila mwaka rangi ile ile, doa lile lile. Chukua praima." Nikamwambia anataka kuuza ndoo mbili kwa ukuta mmoja. Mkacheka wote. Yule Mhindi si mjinga, alinitazama vizuri, na mwaka uliofuata hakunitajia tena praima. Alinifungia rangi yangu akaniuliza habari ya mchele.

Wewe hukunitazama. Ulidhani bibi yako hajui. Mimi praima naijua kazi yake tangu siku ya yule mshenga. Nilikuwa natafuta rangi itakayoshindwa, na rangi ya maji juu ya mafuta inashindwa vizuri kuliko zote.

Ukuta wenyewe ndio uliolipa. Rangi juu ya rangi juu ya chokaa, mvua zikianza inavimba malengelenge kama ganda la kiazi kilichochemshwa, inadondoka. Uji wako umedondokewa mara ngapi na mimi nasema ni vumbi la dari. Hatuna dari.

Nainuka. Nimesikia kama geti.

Si wewe, ni mbuzi wa jirani.

Nirudi kwenye chumba chako cha Mlandege, maana hapo nina haki ya kusema. Siku tuliyokwenda kukiona, yule Mama Upendo mwenye nyumba alitupokea vizuri, salamu za kamwene nyingi, chai, akasema chumba kimepakwa juzi tu. Na kweli kilikuwa kinang'aa. Mimi nikaupitisha ukucha. Ikatoka ngozi nzima kama kiganja, chini yake masizi. Akasema, "Bibi, hiyo ni rangi ya bei mbaya." Nikamwambia bei siioni, naona mpangaji aliyetoka alikuwa anapikia mkaa ndani na wewe umemfunika. Ukanikanyaga mguu. Ulinikanyaga kwa kiatu, sijasahau. Halafu njiani ukaniambia nimekuaibisha, atakuona mpangaji mwenye bibi mkorofi.

Aone. Mwenye bibi mkorofi hapandishiwi kodi ovyo.

Lakini kona ile ya dirishani ina ukungu, na hapo usifanye haraka kama niliyofanya mimi. Wewe ni mtu wa rangi sasa, wanakupeleka Iringa ukasimamie upande wa rangi kwenye duka lao jipya, utatamani kumwonyesha Mama Upendo siku ya kwanza. Usipake. Mwambie kwanza atengeneze mfereji wa bati, maji yanashukia pale. Ukuta uliolowa haukaushwi na praima, unafungiwa maji ndani, na maji yatatokea mahali pengine, nyuma ya kitanda chako. Acha upepo wa Iringa ufanye kazi yake. Ukikauka, kwaruza mpaka ufike kwenye lipu yenyewe. Osha kwa sabuni, piga msasa, futa vumbi, ndipo praima, halafu usubiri. Kulala kwenye chumba kibaya mwezi mmoja hakukuui.

Na usidhani bibi anazungusha maneno, anakuambia habari za wanaume. Nakuambia habari ya ukuta. Za wanaume ungeniuliza, na hukuniuliza, na yule kijana wa spea anayekuja kununua brashi moja moja nimemwona.

Sasa nisiruke lile lililonikalisha hapa.

Siku ile, wakati unakipiga kisigino kile kifuniko, ulisema neno. Ulidhani sikusikia kwa sababu sikujibu. Ulisema, "Mimi sitakuwepo, Bibi. Nani atazima jiko wakati unaongea na ukuta?"

Nilisikia. Niliona ni utovu wa adabu. Nikaingia chumbani nikakaa kitandani na viatu.

Nilidhani nasema kwa siri. Nasema Kinyakyusa, nasema polepole, na ninamwambia mambo ya kawaida tu: mchele umepanda, fulani amefariki, mvua imechelewa, Tumpe amepata barua ya kazi. Kumbe wewe umekuwa unapita nyuma yangu unazima jiko. Wali ambao haukuungua nikajisifu mimi. Nimekaa na neno lako tangu Jumanne, nimelipeleka sokoni na kulirudisha, nimekosea chenji ya watu kwa ajili yake. Hukufunika doa kwa sababu umemsahau babu yako. Ulilifunika kwa sababu unaniacha nalo peke yangu.

Na kitu kingine, hiki nimekiona leo asubuhi tu wakati unakunja nguo zako. Ulikunja ile sweta yake ya kijani, ukaiweka chini kabisa ya begi, ukajifanya ni ya kwako. Wewe ulikuwa mke wake mdogo. Ukuta ule ulikuwa na wajane wawili, na mimi nimekaa mbele yake miaka yote kana kwamba niko mmoja.

Basi.

Tangu Jumanne nalichunguza. Asubuhi kabla hujaamka, mchana ukiwa dukani. Nimepapasa ukuta mpaka vidole vimejua kila mchanga. Jana niliweka jiko la mkaa karibu na pale, nikasema napasha miguu. Nilikuwa nalivuta doa kwa moto, nakuambia ukweli. Umbo la hewa ya moto likacheza juu ya ukuta, nikadhani ndilo. Nikaondoa jiko. Hakuna kitu.

Halijarudi, Tumpe, na halitarudi. Nilitafuta kosa kwenye kazi yako, unajua ninavyojua kutafuta. Kwenye mchele mimi naingiza mkono mpaka chini ya gunia, juu huwa kila mtu anaweka mzuri. Nikachungulia nyuma ya kabati, ambako mtu yeyote angepitisha rola mara moja akasema bibi hafiki. Umekwaruza mpaka kwenye lipu. Pembeni mwa soketi umeingiza brashi ndogo. Kwenye sakafu hakuna tone. Uliyafanya yote yale mimi nikiwa Chimala, na usiku uliotangulia nilisikia unaosha ukuta nikadhani unaosha vyombo.

Kazi ni nzuri. Nimesema mara moja.

Na lile neno nalirudisha. Nililisema mimi na ninalifuta mimi, hakuna wa kusuluhisha hapo. Kesho stendi sitalitaja. Kutakuwa na makonda na majirani, na wewe utakuwa na haraka ya kiti cha dirishani, na mimi nitakuwa nakugombeza kuhusu mfuko wa viazi. Utanisikia nakugombeza utadhani bado nimekasirika. Ujue barua ilikuwa tayari kwenye begi, chini ya sweta. Naiweka huko kwa sababu najua ni kitu cha kwanza utakachokitoa.

Urudi. Nimeandika kwa herufi kubwa kichwani mwangu, hapa mkono umechoka.

Ndoo yako ya rangi ya maziwa sijaifungua. Nilitaka kupaka leo, nikaichungulia chini ya meza, nikaiacha. Mimi nikipaka nitaharibu, nina haraka, unanijua. Na wewe mwenyewe umewahi kuniambia praima haitakiwi kukaa wazi muda mrefu, inashika vumbi, inataka rangi yake juu. Kwa hiyo ukuta huu sasa hivi ni kazi ya nusu, na aliyeianza ni wewe. Jumamosi moja inatosha. Iringa si Ulaya.

Kitu cha mwisho. Wakati naandika nimehama meza. Kiti changu kile cha kutazamana na ukuta nimekisukuma jikoni, karibu na jiko, nikiongea niongee na sufuria. Nimekaa kwenye kigoda cha babu yako. Sikuwahi kukikalia, tangu siku ya mshenga mpaka leo. Ni kifupi, magoti yanafika kidevuni, sijui alikuwa anapendea nini. Lakini mtu akikaa hapa ukuta hauoni. Anauona mlango.

Nimeegemea. Kichwa kimefika chini kidogo ya pale pake. Na leo asubuhi nilisuka nywele zangu na kuzipaka mafuta, mengi, ya mgando, yale yale. Praima yako bado ni nyeupe sana.

Geti hilo, sasa ni wewe kweli, nasikia unavyoburuza ndala. Nafunga.

Uje na rola yako mapema. Ukichelewa ukakuta doa, shauri lako.

Bibi yako